Mabehewa Yaliyo Nyuma ya Ghala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, karibu stesheni kwetu. Risala hii inasomwa na mpanga mabehewa tunayemwita Breki. Aliomba asome yeye. Sauti yake ikikwama, tunaomba utuvumilie.

HISTORIA

Reli hii ilijengwa kupeleka mbolea bondeni na kurudi na mahindi. Siku ya kwanza kazini kila mmoja wetu aliambiwa: behewa likisimama, jembe limesimama, na mjini unga unapanda bei. Hatuwezi kusema hatukujua.

MAFANIKIO

Stesheni imepakwa rangi. Hapa palikuwa na ukurasa mzima. Tumeuchana kwa kuona haya.

CHANGAMOTO

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni akija, mkulima huumia. Tuna desturi ya kusukumia mabehewa yenye mizigo nyuma ya ghala ili uwanja upendeze, kisha kichwa cha treni tunakiosha na kukipamba maua. Mwaka jana ulipokuja kuzindua saa ya ukutani, Breki alisukumia huko mabehewa sita ya mbolea. Karani hakuyaona uwanjani, akaandika yameshaondoka. Tukala, tukacheka, tukasahau. Yalikaa siku kumi na tisa.

Mvua haikusubiri. Bonde lilivuna robo ya kawaida yake, kinu cha unga kikapunguza watu, na aliye mbali kabisa na reli akanunua unga kwa bei ya uzembe wetu.

Dada yake Breki analima huko bondeni. Kila jioni alipiga simu kuulizia mbolea, naye akamjibu, "Iko njiani, dada." Breki alipoyakuta mabehewa bado yako nyuma ya ghala, aibu ikamzuia kumwambia. Dada mtu bado anajisifu kwa majirani kwamba ana ndugu reli.

Tungesema tulikosea mara moja, tungekuwa waongo. Juzi tuliagizwa kusafisha uwanja, tukajifunga kibwebwe, tukasafisha. Sasa hivi mabehewa manane ya mbolea yako nyuma ya ghala, na mawingu unayaona mwenyewe.

MAOMBI

Tuliandika maombi saba, sare na nyumba zikiwemo. Tumeyafuta, limebaki moja. Hicho kichwa cha treni chenye maua nyuma yako ndicho pekee tulicho nacho. Tunaomba hotuba yako iwe fupi, kiondoke.

Mungu akufikishe salama, nasi atusitiri. Breki anaomba radhi kwa dada yake aliyeketi mstari wa pili, ambaye ndiyo kwanza anasikia.

Ni sisi tuliosukuma,
Wafanyakazi wa Stesheni.