Mama Damaris Mokeira na Watoto Wake Wanne

Marehemu Damaris Mokeira alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Ikonge, Nyamira, binti wa tatu wa Mzee Makori na Mama Kemuma, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1971, akiwa msichana asiyekubali jibu la ubaoni mpaka alihakikishe mwenyewe.

Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa kanisani na Lewis Anyona wa Marani, na hapo Marani akachuma chai kwa zaidi ya miaka arobaini, wala hakuondoka kituo cha majani kabla ya kuutazama mshale wa mizani kwa macho yake.

Kifungua mimba wao, Kemuma, alizaliwa tarehe 5 Juni 1978. Mwaka wa 1982 wauguzi walipoleta chanjo ya surua, Mokeira aliwashuku, maana hakuna aliyemweleza kwa nini dawa hiyo ni ya bure, akamficha mtoto mgombani mpaka gari lao likaondoka, na tarehe 9 Septemba surua ikamchukua Kemuma, na mama yake akakaa siku arobaini bila kugusa jani la chai.

Tangu hapo watoto wake wengine hawakukosa sindano hata moja, ingawa kila mara alimwomba muuguzi ile chupa, asome tarehe kwanza.

Agosti 2021 watafiti walifika kupima faida ya chanjo nje ya hospitali, yaani siku ambazo mzazi hakuacha kazi na mihula ambayo mtoto hakukosa shule. Yeye alidhani wanatafuta mipaka ya shamba, na kwa kuwa kwetu mtu hahesabu watoto wake mbele ya mgeni, alipoulizwa amezaa wangapi na amezika wangapi, alijibu tu, “Ni hao watatu mnaowaona.”

Tarehe 12 Mei 2022, matokeo yaliposomwa kwenye baraza la chifu, ilisemwa kwamba kijijini kwetu surua haikuwahi kuua mtoto, Mokeira akatambua kuwa majirani nao walijibu kama yeye.

“Kijana, hapo futa,” alimwambia mtafiti aliyekuwa akisoma, akisimama. “Mimi nilizaa wanne.”

“Mama, hesabu ilishafungwa.”

“Ilifungwa na nani? Fungua.”

Akamtaja Kemuma kwa jina, na wanawake wakasimama mmoja mmoja nyuma yake wakiwataja wao, hata wakaandikwa watoto kumi na mmoja waliochukuliwa na surua.

Aliugua kisukari tangu mwaka wa 2019, akalazwa mjini Kisii tarehe 2 Februari 2025, na kuaga dunia tarehe 11. Tunawashukuru madaktari waliovumilia maswali yake, majirani wa Marani, na wachumaji wenzake wa chai.

Ameacha agizo moja, kwamba leo watoto wake wasomwe wote, nasi tumekagua uchapaji mara tatu, kwa kuwa hata sisi hakutuamini: Kemuma, Momanyi, Purity na Mogaka.

Pumzika sasa, Mokeira, wametimia.