Taratibu Alivyomwangusha Shemeji Yake

Jumapili asubuhi, kabla birika langu la kahawa halijachemka vizuri, benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limeshajaa. Habari ilikuwa moja tu. Jana mchana, harusini, fundi saa wetu, yule tunayemwita Taratibu kwa upole wake, alikunywa bia nne, akamkunja shemeji yake shati na kumwangusha juu ya keki.

– Pombe hiyo, akasema Kinyozi, akimnyoa mteja wake wa kwanza pale mlangoni. Ingekuwa soda, keki ingekuwa nzima.

– Acha hizo, akasema Dereva. Wewe ulikunywa sita, ukaishia kukumbatia watu, mpaka mpiga picha.

– Mimi roho yangu safi.

– Basi ni tabia. Pombe inafungua mlango tu. Aliyemo ndani ndiye anayetoka.

Mwalimu mstaafu, ambaye hapitwi na mjadala, akaweka kikombe chini.

– Hapana, ni kazi yake. Mtu anashinda na viskrubu vidogo mwaka mzima, hasira zinajikunja kama springi.

– Kwa hiyo wachimba visima ndio wapole?

– Umewahi kupigwa na mchimba visima?

Dereva hakuwahi. Kinyozi akadakia:

– Mie naangalia vichwa. Wenye visogo bapa wasinuse hata kizibo.

– Taratibu ana kisogo bapa?

– Jana alikuwa nacho.

Tukacheka mpaka nikamwaga kahawa. Kugeuka, mwenyewe kasimama nyuma yetu, macho mekundu, shati lile lile la harusini. Kila mtu akapata cha kutazama ndani ya kikombe chake.

– Endeleeni tu, akasema Taratibu. Nyie ndio wajuzi. Mke wangu kaniuliza asubuhi: "Nimeolewa na yupi, wa jana au wa siku zote?" Nimjibu nini?

Mwalimu akamsogezea nafasi kwenye benchi.

– Kwani shemeji alisema nini? nikamuuliza.

– Anachosema kila siku, kwamba dada yake alistahili mume wa maana. Miaka tisa nacheka. Jana sikucheka.

Nikammiminia kahawa. Hakuigusa.

– Sasa unakwenda wapi?

– Kwa shemeji, kuomba radhi. Mke nitamjibu nikirudi, kama nitakuwa nimejua.

Akashika njia. Kinyozi akamwacha mteja kitini, nusu ya kichwa haijanyolewa, akamkimbilia huku akimwita kwa jina lake halisi, ambalo sisi wengine tulikuwa hatulijui.