Mhandisi Elihuruma Sifael Akyoo, Mkaguzi wa Mabomba ya Vinu vya Nyuklia (1939–2001)

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Sekei na ninyi mliopanda kutoka Sakina na Makumira, poleni na karibuni nyumbani kwetu Akheri. Mimi ni Penina, ninayemfuata marehemu kuzaliwa. Familia imeniomba nisome habari za maisha yake, na nimeonywa nisicheke katikati. Nitajitahidi.

Elihuruma alizaliwa hapa Akheri tarehe 9 Agosti 1939, mtoto wa kwanza wa Mzee Sifael Akyoo, mzee wa kanisa, na mama yetu Anaeli. Alibatizwa mwezi uliofuata. Alikulia kwenye migomba na kahawa kama sisi wote, ila yeye alikuwa mtoto wa maswali. Baba alipoleta mashine ya kumenya kahawa, Elihuruma aliifungua yote apate kujua kinachoizungusha. Aliirudisha ikafanya kazi, na viboko alipata vilevile.

Alisoma shule ya msingi hapa Akheri, kisha Sekondari ya Ilboru. Mwaka 1961 kanisa lilimpatia nafasi ya masomo nchini Uswidi, na mwaka 1966 akamaliza uhandisi wa mitambo. Alirudi nyumbani mwaka huohuo akafundisha ufundi Dar es Salaam.

Huko ndiko alikomwona muuguzi mmoja wa Kibosho, Kandida. Sisi Walutheri, wao Wakatoliki. Miaka ile lilikuwa jambo zito. Ndoa ilifungwa Kibosho, Jumamosi tarehe 27 Desemba 1969. Baba yetu alikwenda, lakini alikataa kuingia kanisani, akabaki nje amesimama na kofia mkononi. Kwaya ilipoanza wimbo ambao na sisi tunauimba, aliingia taratibu, akakaa benchi la nyuma, akaimba besi mpaka watu wakageuka kumtazama. Tangu siku hiyo Kandida alikuwa mkwe wake kipenzi.

Mwaka 1974 walirudi Uswidi na watoto wao wawili, Aikaeli na Anande, marehemu akaendelee na masomo. Baadaye aliajiriwa kwenye ofisi ya serikali inayokagua usalama wa vinu vya nyuklia. Hapa nyumbani habari zilifika zimepinda. Alipokuja likizo, mama mkwe wake alimkalisha chini akamuuliza, kwa heshima zote, kama ni kweli anatengeneza mabomu. Alimjibu, "Hapana, mama. Wenye kinu wanaleta michoro ya mabomba ya maji ya moto, mimi nawauliza maswali mpaka wachoke." Mama mkwe alisema kazi hiyo hata yeye anaiweza.

Swali lake kubwa lilikuwa hili: tetemeko likija, au valvu ikifungwa ghafla maji yakagonga kwa nguvu, bomba litastahimili? Kwa miaka mingi jibu la wakaguzi lilikuwa kuongeza vishikizo vya chuma ili bomba lisitikisike. Elihuruma aliona vimezidi. Bomba likipata moto hurefuka, na likibanwa kila upande linaumia kila kinu kinapowashwa na kuzimwa. Tena kila kishikizo kilitaka kukaguliwa, na mafundi walitambaa sehemu zenye mionzi kuvifikia. Alituambia kwamba usiku hakufikiria michoro, alifikiria migongo ya wale mafundi.

Alipendekeza vipunguzwe. Ilikuwa mwaka 1986, ajali ya Chernobyl imetokea miezi michache nyuma, na hakuna aliyetaka kusikia mkaguzi anasema chuma kiondolewe. Wenzake wengine waliacha kunywa naye kahawa. Mkuu wake, aliyempenda, alimwita akamuuliza, "Na kama umekosea?"

"Basi tujue sasa," alijibu. "Tulitikise bomba wenyewe, tusisubiri tetemeko."

Mwaka uliofuata walifanya hivyo. Walifunga mabomba mawili juu ya jukwaa linalotikiswa kwa mitambo, moja lenye vishikizo vingi kama ilivyokuwa desturi, jingine lenye vichache alivyopanga yeye, yote yamejaa maji ya moto. Wakayatikisa kupita tetemeko lolote lililotazamiwa pale. La kwanza lilipasuka kwenye maungio. La kwake liliyumba, likapinda kidogo, halikuvuja. Kandida anasema mumewe alipiga simu nyumbani akashindwa kuongea kwa kucheka, mpaka yeye akadhani analia.

Sasa wenye vinu wakafurahi kupita kiasi. Kinu kimoja kiliomba ruhusa ya kuondoa karibu vishikizo vyote, maana kuvitunza ni gharama. Elihuruma alikataa kutia saini. Walimkumbusha maneno yake mwenyewe. Aliwaambia alisema vipungue baada ya kila bomba kupimwa, na yao bado hayajapimwa. Yalipopimwa, mengine yalipunguziwa, mengine yaliachwa yalivyo. Wale wenzake walirudi kunywa naye kahawa.

Mwaka 1992 alirudi Arusha moja kwa moja. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, viwanda vya watu binafsi vinaanza, na boila kuukuu zilikuwa zinaingia kutoka kila pembe ya dunia. Alifungua ofisi ndogo ya ukaguzi pale Sakina, kati ya gereji mbili. Kwa mafundi wa jirani alikuwa "Mzee Tikisa", kwa sababu hakupita karibu na bomba bila kulitikisa kwa mkono. Jumapili alipiga tarumbeta usharikani, vibaya, kwa furaha isiyo na aibu.

Mwaka 1999 moyo ulianza kuchoka. Alitibiwa Moshi, akapewa dawa na amri ya kupumzika, dawa alimeza. Miezi ya mwisho Kandida alimwuguza mwenyewe. Alilala mauti nyumbani Sekei, Jumamosi tarehe 17 Novemba 2001, asubuhi, baada ya kunywa uji na kuusifia.

Ameacha mjane, Kandida. Watoto wawili, Aikaeli na Anande. Wajukuu watano, mdogo wao Princess. Na wadogo zake, mimi na Bariki.

Wiki iliyopita nilimuuliza angependa tuseme nini siku kama ya leo. Alisema, "Semeni kidogo. Watu watakuwa wametoka mbali, wapeni chakula kingali cha moto."

Chakula kiko tayari, ndugu zangu. Kaka, lala kwa amani mikononi mwa Bwana.