Mikono Juu, Kompyuta Ikaandika

Jambo hili lilinigharimu kazi, jina, na nusu ya marafiki. Marafiki nimewahesabu mara mbili, bado ni nusu. Basi kaeni vizuri, wenzangu wa chama. Majina ya watu nimeyaacha mlangoni.

Mnajua nilikuwa karani wa godauni kule Baba Dogo. Kompyuta zetu zilikuwa na programu mbili. Moja ya kutumiana ujumbe, ofisi nzima kundi moja. Ya pili ilimwezesha fundi wa kompyuta kuingia kwenye mashine yako akiwa mezani kwake, akaiendesha kama yake. Kabla hajaingia, dirisha dogo linakuuliza: unamruhusu? Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyesoma. Sote tulibonyeza "ruhusu daima" tusisumbuliwe tukinywa chai. Hata mimi, ninayekagua nyanya moja moja!

Siku moja narudi kutoka kula, nakuta wote wameinamia skrini zao. Kwenye kundi, kwa jina langu, imeandikwa kwamba mdosi, mwenye kampuni, anakula pesa za ovataimu za wafanyakazi. Ilikuwa kweli, lakini sikuandika mimi.

"Mama, si ungeandika kwa adabu," jirani yangu wa meza akanong'ona.

Nikasimamishwa kazi, nikaambiwa nitaitwa nijieleze. Nikamfuata fundi nyumbani kwake, mtaa wa Lucky Summer. Akaniambia wenye uwezo wa kuingia mashine za watu ni wawili tu, yeye na msimamizi wetu.

"Lakini siwezi kusema hayo mbele ya wakubwa, mama. Nina mapacha."

"Sikuombi useme. Niandikie salamu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu. Nimekupunguzia, na unajua huwa sipunguzi."

Siku ya kikao nikaomba kompyuta yangu iwekwe mbele ya wakubwa. Nikasimama mbali nayo, mikono juu kama niko kanisani kwenye sifa. Mshale ukatembea wenyewe. Herufi zikajipanga kwenye kundi, kwa jina langu: "Hamjambo wakubwa. Mama hajagusa kitu."

"Haya, nisimamisheni kazi tena," nikasema.

Msimamizi akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Fundi alipoulizwa, akajibu kwamba alikuwa anajaribu mitambo, na hiyo ndiyo kazi yake.

Asante kwake. Asanteni nanyi mliokaa nje ya geti juani siku hiyo, na mlioniletea unga bila kuuliza kama niliandika. Nililojifunza ni hili: anayekuomba ruhusa, msome kwanza, chai ipoe.

Sasa wamenipigia simu. Nirudi kazini, yaishe. Nimewaambia waniombe radhi kwenye kundi lile lile jina langu lilikochafuliwa. Wamesema watanipa barua, niisome peke yangu. Nimekataa, na jibu la mwisho wanalitaka kesho.

Nishaurini, nyinyi mnaojua biashara: nishuke? Ila anayetaka nichukue barua, aniambie kwanza: wale wote waliousoma ule ujumbe, barua hiyo wataisomea wapi?