Siku Refa Aliposahau Zamu ya Mkono

Siku ile walikuwepo Kinyozi, mwenye chumba na televisheni. Refa, seremala mstaafu aliyepuliza filimbi mechi moja tu ya shule na jina likamganda. Chaja, muuza chaja za simu. Fundi Viatu, ambaye hasikii tangu utotoni. Na mkewe, mwenye birika la kahawa, mtoto wao amelala mgongoni. Benchi lilikuwa nje ya mlango wa Kinyozi, na televisheni aliigeuza yeye mwenyewe iwatazame walioko nje. Palikuwa na desturi moja pale: kila mechi mtu mmoja hushika zamu ya mkono. Kazi yake ni kukaa ubavuni kwa Fundi na kumweleza kwa ishara anachosema mtangazaji. Hakuna aliyewaagiza. Walianza tu, wakajifunza ishara kidogokidogo, na mke wa Fundi aliwashukuru kimoyomoyo kila alipowamiminia. Lakini asubuhi ile mumewe alimwambia kwa vidole vilivyochoka: "Leo ni mwisho wa mimi kukaa pale benchini. Nawachosha watu. Kila siku nacheka wenzangu wakishamaliza kucheka." Mke alijaza birika mpaka juu, kama vile kahawa nyingi ingemzuia mtu asiondoke.

Zamu ilikuwa ya Refa. Mechi ilikuwa bila bila.

— Shemeji, tia kingine, alisema Refa, huku mkono wake ukimchorea Fundi mpira wa kona.

— Haya, shemeji, alisema mke wa Fundi. — Lakini niambieni kitu. Kwenye tamthilia wanaweka maandishi chini, hata mtu akikohoa wanaandika kwamba amekohoa. Mbona kwenye mpira hawaweki?

Alikuwa ametupa njiti kwenye kuni kavu.

— Uzito, alisema Chaja. — Picha ni mwanga tu, shemeji. Herufi ina uzito. Mtangazaji anaongea kama cherehani. Ukiyapandisha maneno yote yale kwenye satelaiti, si itashuka? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimefuata nini huko juu? Kinyozi alitoka na mashine ya kunyolea mkononi. — Ni woga, bwana. Neno likisemwa linapeperuka. Likiandikwa ni ushahidi. Juzi yule mtangazaji kamwita kipa kwa jina la kocha. Yangeandikwa yale, leo angekuwa na kazi?

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Chaja.

— Umeona! Hata wahenga walisema.

— Nyote hamjui mpira. Refa aliwageukia, na mkono wake ukageuka naye. — Mimi nilikuwa refa.

— Mechi moja!

— Moja si sifuri. Sikilizeni. Makocha ndio waliokataza. Uwanjani kuna televisheni kubwa, sawa? Beki akiinua macho akasoma "winga anakuja kulia", si atamngojea hukohuko? Siri yote nje! Mpira umekufa!

— Beki anasoma huku anakimbia? aliuliza Kinyozi.

— Wapo waliosoma, wee!

— Basi waandike kinyumenyume, alisema Chaja, — sisi tusomee kwenye kioo cha Kinyozi.

— Kioo changu ni cha vichwa, si cha habari! Na ukimwachia Refa akisome, atakiona kimeandikwa "penalti".

— Ilikuwa penalti! Ile ya mwaka jana ilikuwa penalti mpaka kesho!

Hapo benchi likawaka. Chaja alisimama kuigiza beki, Kinyozi akaigiza winga na mashine yake, Refa akapuliza filimbi ya midomo. Mke wa Fundi alicheka mpaka mtoto akaamka.

Akimbembeleza, akakiona kiganja cha mumewe. Kilikuwa wazi juu ya goti, kikiuliza: Kuna nini? Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wamemzunguka mwamuzi, wengine wameshika vichwa. Hakuna aliyekijibu kile kiganja. Hata yeye hakuwa ameutazama mpira.

Mteja mmoja akaja na kiatu kimoja mkononi, anamtafuta fundi. Akakodolea televisheni.

— Samahanini jamani. Goli limekataliwa kwa nini?

— Goli gani? aliuliza Chaja.

— Hilo. Si ndilo wanalirudia?

Kinyozi alikimbilia kuongeza sauti. Mtangazaji alishahama, anasifia nyasi za uwanja. Chaja alimtazama Refa, Refa akamtazama Kinyozi, Kinyozi akaitazama mashine yake. Masikio yote yale, na hakuna lililosikia.

Ndipo Refa alipokiona kiganja. Aliinuka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Fundi na magoti yake ya uzee. Akajigusa kifua: mimi. Akatikisa kichwa: sijui. Akakutanisha viganja: nisamehe.

Fundi akawanyooshea kidole mmoja mmoja, akamalizia na kifua chake mwenyewe, akaziba masikio kwa mikono miwili: Leo wote sawa! Akaangua kicheko. Alicheka peke yake kwanza, kwa sauti pana, na wao ndio waliomfuata nyuma. Hata mwenye kiatu alicheka, hajui anachekea nini.

Mke wa Fundi akashika birika. Akamimina. Kikombe cha kwanza alimpa Refa, na kikawa ndicho cha mwisho.

— Imeisha, mashemeji.

— Imeisha vipi na mpira bado? alilalamika Chaja.

— Tumekunywa huku tunabisha, alisema Kinyozi. — Kuanzia leo, mwenye zamu ya mkono haruhusiwi kubisha.

— Hata mimi niliyekuwa refa?

— Wewe hasa!

Fundi alimvuta Refa mkono, akamketisha tena ubavuni kwake.

Sababu ya lile goli kukataliwa hawakuijua, na maandishi mpirani hayajawekwa mpaka leo. Jumamosi iliyofuata Fundi Viatu alifika kijiweni kabla ya wote, birika likiwa bado halijachemka.