Kifuniko cha Mujinga

Sogeeni hapa, Kabeya na Tshiela, wanangu wawili niliobaki nao, mkae juu ya hilo godoro na muache kwanza habari za mabehewa, kwa maana treni ya Kasai itakuja siku itakayotaka yenyewe, lakini sauti yangu inakwisha leo na sitaki iishie katika kikohozi. Hii ni siku ya thelathini na sita tunalala katika uwanja wa gare, stesheni hii ya Kolwezi, tangu tulipotolewa nyumbani kwetu mtaa wa Manika kwa kuwa asili yetu ni Kasai. Mimi sitapanda treni hiyo. Msibishane nami, najua mwili wangu.

Mali yangu mnaiona yote bila kugeuza shingo. Cherehani ya mama yenu Simone ni ya Tshiela. Redio ni ya Kabeya, afanye nayo apendavyo, ila isiwekwe tena karibu na mtoto. Imebaki sufuria na kifuniko chake, na hivyo nitavigawa mwisho.

Kinachoniuma ni mjukuu wangu Mujinga. Wewe Tshiela ulimzaa, lakini mimi babu yake ndiye niliyemfunga mdomo, na leo nalisema wazi ili baada yangu asitokee mtu akasema mtoto alirogwa, au alizaliwa na kasoro. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno yake kama kumi hivi, karibu yote ya Tshiluba, lugha yetu, na kila asubuhi alisimama mlangoni akiwasalimu wapita njia, moyo, moyo, ndiyo salamu ya kwetu, na haondoki mpaka mtu amrudishie salamu yake. Kisha wakaanza kupita wale vijana wa mitaa mingine, wakitega masikio wajue nyumba gani inasema lugha gani, nami nikaingiwa na hofu. Nikaamuru mlango ufungwe. Nikaamuru mtu yeyote asimsemeshe mtoto Tshiluba, asije akakirudia uani. Wewe Tshiela nyimbo zako zote zilikuwa za Tshiluba, basi ukanyamaza kabisa, ukawa unamlisha na kumwogesha bila neno, na neno pekee alilolisikia kutoka kwetu kwa miezi minane lilikuwa nyamaza.

Nami nikajiona mwerevu. Nikaiweka redio kando ya mkeka wake, iseme Kiswahili na Kifaransa kutwa nzima, nikijiambia maneno hayo yatamtosha, atayaokota mwenyewe. Mimi Mulumba, niliyefundisha mwaka wa kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, niliyeweza kujua siku ya kwanza tu ya shule ni mtoto gani hujibiwa nyumbani kwao na ni yupi huambiwa tu ondoka hapa! Redio husema, haimngojei mtu. Mwanzoni Mujinga aliisalimu, nilimwona kwa macho yangu, akainama akaisemesha, akangoja. Haikumjibu. Akaacha, na maneno yake kumi yakapotea moja moja, nami nikashukuru kwamba nyumba imetulia. Mungu anisamehe kwa shukrani ile.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtakapokasirika. Godelieve, jirani yetu, ametembea kutoka Manika karibu kila siku kutuletea maji, na nyinyi mmeyanywa huku mmegeuza uso, kwa sababu Polycarpe mwanawe alikuwa kati ya waliotupa vitanda vyetu barabarani. Siku ya tatu alimtazama mtoto, akaniambia, "Tata, uyu mutoto hana na bugonjwa. Anakosa tu mutu wa kumujibu." Akachukua kifuniko cha sufuria yetu, akajivika kichwani, mtoto akacheka. Akampa, akisema kamata. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu, akangoja. Alingoja sana, wanangu, jua likimchoma, bila kumharakisha, na kifuniko kiliporudi akashukuru kama aliyepewa ng'ombe. Niliona aibu kuliko siku tuliyofukuzwa.

Mchezo huo ulikwenda siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Mujinga alikuja hapa nilipolala, akaniwekea kifuniko kifuani, akasema, "Kamata." Nililia, mkadhani ni maumivu. Tangu hapo amesema leta, amesema hapana, na jana alimwita mama yule kwa jina.

Na jana hiyohiyo wewe Tshiela ukamvuta mtoto kwa mkono, nawe Kabeya ukamwambia Godelieve asirudi, kwamba Kiswahili ndicho kilichotufukuza na mtoto hatakibeba kwenda nacho Kasai. Kiswahili hakikumfukuza mtu. Waliotufukuza ni watu, nawajua kwa majina, na huyo Polycarpe mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Siwaombi mumsamehe, mimi mwenyewe bado sijaweza. Lakini mama yake alimjibu mtoto wetu wakati sisi tulipokuwa tumenyamaza, na hilo halitakatizwa mbele ya macho yangu.

Basi, Kabeya, ukitoka hapa uende Manika kabla jua halijazama, umpigie Godelieve magoti, umrudishe, akae na mtoto kila siku mpaka treni ifike. Tshiela, nakurudishia nyimbo zako. Anza leo, kwa sauti, hapa hapa uwanjani, hakuna tena nyumba ya kuficha. Mtoto akitazama ndege, mwambie habari ya ndege, si ya kitu kingine. Akibwabwaja, mngojeeni amalize, kisha mjibuni kama aliyesema jambo la maana. Huko Kasai akiwajibu kwa Kiswahili, msimcheke wala msimpige. Vyote viwili ni vyake.

Mnizike hapa Kolwezi, kando ya Simone. Treni ikipiga honi kabla sijaingia kaburini, niacheni mikononi mwa Godelieve, mpande. Ni amri.

Sufuria nampa Godelieve. Kifuniko ni cha Mujinga. Najua kimoja bila kingine hakipiki vizuri. Nataka kila mmoja akumbuke mwenzake.

Ngojeni... nipumzike kidogo.

Mungu aliyewapa ulimi awalinde njiani. Awape nyumba yenye kelele. Mzae, mcheze, mbishane mezani... Kabeya, mbona bado umekaa? Nenda. Nenda, baba.

Tshiela, mlete mtoto. Hapa, karibu na mkono. Anakuja nacho, nasikia bati linavyogonga. Ndiyo, mama, ndiyo, Mujinga... nimekamata. Asante. Sasa kamata wewe... Tshiela, usinyamaze. Atasema tena. Mimi nikichelewa, mjibu wewe.