Nilifunga Ili Mchawi Wangu Aumbuliwe

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Upande wa dirishani mmeitika kwa unyonge, nimewasikia. Mnanijua, hakuna jambo ninalolipitisha bila kulitilia shaka.

Ndugu zangu, mimi ndiye Baba Joshua wa mashine ya kukamua alizeti hapa Kinampanda. Mashine alituachia marehemu baba, tunaifanyia kazi mimi na mdogo wangu Yeremia. Msimu ukianza, lile vumbi linanimaliza. Chafya, macho kuvimba, mwili unawasha hadi nakosa adabu mbele ya wateja! Pale mashineni sote tunateseka hivyo, na dawa tunayo: kopo la dirishani. Mtu akibakiwa na vidonge vya mafua au vya mzio anatupia humo, bila karatasi wala bahasha. Asubuhi unachota vile vidogo vya njano, unameza na chai, unawasha injini. Msimu uliopita havikunitosha, nikaongeza. Kikohozi kilipoanza nikashushia na dawa ya maji ya dukani.

Basi yakanianza mambo. Usingizi! Mchana kweupe, nimesimama na kiroba mkononi, nasinzia. Mdomo mkavu kama mashudu ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Haja ndogo haitoki, nasimama hadi nachoka. Mteja akinieleza shida yake, nasahau kabla hajafunga mdomo. Nikajisemea, huu si usingizi wa Mungu. Na nani alikuwa analeta chai kila asubuhi? Mama Neema, mke wa Yeremia! Nikaanza kumchunguza. Mbona kikombe changu anakitenga? Na huyu Yeremia, mbona siku hizi anang'ang'ania kujifunza kufunga mkanda wa mashine? Nikaona wazi kwamba wananimaliza ili wabaki na mashine.

Siku moja nilisinzia karibu na ule mkanda, ukanasa mkono wa shati. Yeremia akaruka, akazima injini. Shati lilichanika hadi kwapani, mkono ukabaki mzima. Haleluya! Lakini mnadhani nilishukuru? Nilimuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini karibu na injini?"

Akanitazama, akasema, "Kaka, nilikuwa nakuangalia wewe."

Nikaona hapo amejitaja mwenyewe! Nikamwambia msimu ukiisha atafute kazi nyingine. Chai ya mkewe nikaikataa, nikawa nameza vidonge vyangu kwa maji niliyoteka mwenyewe. Usingizi ukabaki palepale. Nikaanza kumtazama mke wangu.

Ndipo kanisa likatangaza mfungo wa siku tatu. Ninyi mliombea uamsho, mimi niliomba mchawi wangu aumbuliwe. Nikasema hata kidonge hakigusi ulimi wangu. Jioni tulifungulia uji hapahapa kanisani, na zamu ya kupika ikaangukia kwa Mama Neema! Nilikunywa kwa sababu sufuria lilikuwa moja na mchungaji alitangulia. Nikaenda kulala nikisubiri mabaya.

Siku ya tatu nikaamka mwepesi! Pua inatiririka, chafya kama zote, lakini akili imekaa mahali pake. Nikajiuliza, uji wa Mama Neema nimekunywa, sasa ni kitu gani sijakitia mdomoni? Kopo!

Nikalibeba hadi zahanati. Muuguzi akalimwaga mezani, akashika kichwa. Akanieleza kwamba vile vya njano vinaleta usingizi, vinakausha mdomo, na kwa wanaume wa umri wangu vinaweza kuziba mkojo. Ile dawa ya kikohozi nayo ilikuwa na dawa ya namna ileile ndani yake, kumbe nilikuwa najirudufishia! Ukivimeza usiguse mashine wala pikipiki, na usichanganye na pombe. Hapo alinitazama sana, nikamwambia mimi nimeokoka. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipewe bila kuuliza wataalamu. Na uso ukivimba au pumzi ikibana, usihangaike na kopo, kimbia hospitali. Akanipa vya aina nyingine visivyolaza sana, akanionya nijipime kwanza nyumbani kama vinanilaza, kabla ya kukaribia mkanda, na puani nifunge kitambaa.

Wapendwa, sisemi mtupe dawa. Na aliyeandikiwa dawa na daktari asiiache kwa ajili ya mfungo kabla ya kumuuliza. Mimi Bwana hakuniondolea shaka, ameigeuza tu. Zamani nilikagua kikombe cha shemeji, siku hizi nakagua pakiti: jina lake, kipimo chake, mwisho wake wa matumizi. Nawe unayemshuku ndugu yako, mpelekee Yesu shaka hiyo kabla hujamfukuza mtu. Mimi niliomba anionyeshe mchawi, akanionyesha ndugu.

Yeremia, simama watu wakuone. Mkono huu ninaomwinulia Mungu ni wewe uliyeuokoa, na mashine ya baba ni yetu sote. Nakushukuru leo, maana siku ile sikukushukuru. Shemeji, kesho uniletee chai. Kwa kikombe chochote.